Kucheza Kistaarabu: Bei ya Mchezo na Njia ya Kutafuta Msaada

Matangazo ya michezo ya kubahatisha nchini Tanzania mara nyingi hufungwa kwa maneno mawili: cheza kistaarabu. Redioni husemwa upesi. Kwenye mabango huandikwa kwa herufi ndogo kando ya onyo la umri wa miaka 18. Ni nadra maneno hayo kufafanuliwa. Katika sura hii ya kijitabu chetu tunakusudia kuyafafanua, kisha kueleza nini kifanyike pale ambapo ustaarabu huo umekwisha kushindikana.

Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003, inaruhusu michezo hii Tanzania Bara chini ya leseni, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ndiyo inayotoa leseni na kuwasimamia waendeshaji. Wapo wananchi ambao imani zao zinawakataza kabisa kucheza. Wapo wanaocheza mara mojamoja na kuendelea na maisha yao. Na wapo ambao mchezo umekwisha kuwala ada ya shule, kodi ya nyumba na amani ya ndoa. Tunaandika kwa ajili ya wote, lakini hasa kwa ajili ya hawa wa mwisho na jamaa zao.

Jambo moja tungependa msomaji aondoke nalo. Mchezo wa kubahatisha una bei, na bei hiyo ni fedha utakayoliwa. Anayeijua bei na kuikubali kabla ya kuanza anaweza kucheza kistaarabu. Anayecheza ili arudishe fedha iliyokwisha kuliwa ametoka kwenye burudani. Huyo hahitaji mbinu bora za kubashiri, anahitaji msaada.

Bei ya mchezo hukokotolewaje?

Tuseme wewe na jirani yako mnarusha sarafu, kila mmoja ameweka dau la shilingi 1,000, na mshindi anachukua 2,000. Mkirusha mara nyingi, leo utapata wewe, kesho atapata yeye, na mwishowe hakuna aliyetajirika wala aliyefilisika.

Kampuni ikikuuzia mchezo huohuo haitakulipa 2,000. Itakuonyesha, kwa mfano, namba 1.90, maana yake dau lako litazidishwa kwa 1.90 ukishinda. Kwa dau la 1,000 utalipwa 1,900. Ukicheza mara 100 utakuwa umeweka jumla ya shilingi 100,000; ukishinda nusu ya michezo hiyo utarudishiwa 95,000. Zile 5,000 zilizobaki ndiyo bei. Hapo hakuna wizi wowote: ndivyo biashara inavyolipia pango, mishahara, matangazo na kodi, na ndivyo inavyopata faida. Lakini ni vyema mteja ajue kwamba bei hiyo imo ndani ya namba anazoziona, hata kama haikuandikwa mahali popote.

Bei hupanda sana katika mkeka mrefu. Tuseme umechagua mechi kumi, na katika kila moja unabashiri jambo lenye matokeo mawili yaliyo na nafasi sawa, kama magoli kuwa zaidi au pungufu ya 2.5. Kila chaguo lina namba 1.90. Mechi hizo kumi zinaweza kuishia katika mipangilio 1,024 tofauti, na mmoja tu ndio utakaokuwa sahihi. Kama ungejaza mikeka yote 1,024 kwa dau la shilingi 1,000 kila mmoja, ungetoa shilingi 1,024,000. Mikeka 1,023 ingechanika, na ule mmoja ungekulipa takriban shilingi 613,000. Zaidi ya shilingi 400,000 zingebaki kwa kampuni. Katika mechi moja bei ilikuwa shilingi 5 kwa kila 100; katika mkeka wa mechi kumi imefika takriban shilingi 40 kwa kila 100. Na hapo hatujahesabu kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Wasomaji wengi watasema: mimi naufahamu mpira. Huenda ni kweli. Hata hivyo, wanaopanga namba hizo nao wanaufahamu, wanajua nani ameumia mguu na nani ana kadi nyekundu, na wamekwisha kuyaingiza yote hayo kwenye namba kabla hujaifungua simu yako. Kujua historia ya Simba na Yanga kwa ufasaha hakuondoi bei.

Kwa nini akili hudanganyika?

Mwezi Agosti mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia, ndivyo wachezaji walivyozidi kumimina fedha kwenye nyekundu, wakiamini kwamba sasa ni zamu yake. Walipoteza fedha nyingi. Gurudumu halina kumbukumbu: kila mzunguko huanza upya, na nafasi ya nyekundu ni ileile. Mtu anayesema, “Nimeliwa wiki nzima, leo lazima nipate,” anafuata fikra ileile iliyowaliza watu wa Monte Carlo.

Mtego wa pili ni kukosa kwa karibu. Mkeka uliochanika kwa mechi moja humfanya mchezaji ajihisi kama aliyeugusa ushindi, ilhali malipo yake ni sifuri sawa na ya mkeka uliochanika kwa mechi zote. Mashine ya sloti inayosimamisha picha mbili zinazofanana na ya tatu ikapita kidogo huamsha hisia hiyohiyo.

Mtego wa tatu ni zawadi isiyotabirika. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya njiwa kwamba ndege anayepata punje mara mojamoja, bila kujua ni lini, huendelea kudonoa kitufe kwa bidii na kwa muda mrefu hata punje zinapokoma kutolewa. Ushindi mdogo unaokuja bila kutarajiwa ndio unaomweka mtu kitini.

Mtego wa nne ni kasi. Droo ya mara moja kwa wiki humpa mtu siku sita za kufikiri. Mchezo wa simu unaomalizika kwa sekunde 10 haumpi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Ukiweka shilingi 500 kila baada ya sekunde 10, utaweka dau mara 360 kwa saa moja, yaani jumla ya shilingi 180,000. Hata kama bei ni shilingi 5 tu kwa kila 100, saa hiyo itakugharimu wastani wa shilingi 9,000. Dau linaonekana dogo. Ni marudio yake yanayomaliza mshahara.

Jihadhari na wauzaji wa “mechi za uhakika”

Katika makundi ya simu hupatikana watu wanaouza matokeo ya mechi wanazodai zimepangwa. Mbinu yao ni nyepesi. Muuzaji hutafuta watu 800. Nusu yao huwaambia timu fulani itashinda, nusu nyingine huwaambia haitashinda. Wale 400 walioambiwa sahihi huwagawa tena kwa mechi ya pili, na 200 waliobaki huwagawa kwa mechi ya tatu. Mwishowe wapo watu 100 walioona utabiri wake ukitimia mara tatu mfululizo. Hao ndio atakaowadai fedha, nao watalipa kwa furaha, bila kujua habari za wale 700. Anayejua kwa hakika matokeo ya kesho hana haja ya kukuuzia kwa shilingi 10,000.

Pia usimlipe mtu anayekupigia akidai umeshinda bahati nasibu ambayo hukuishiriki, na kwamba utume kwanza “ada ya usajili”. Mshindi halisi hatakiwi kununua zawadi yake.

Kanuni za mchezaji mstaarabu

Tunamshauri kila anayecheza azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, panga kiasi utakacholiwa kabla ya kuanza. Kihesabu kama nauli ya kwenda uwanjani na tiketi ya kuingilia: fedha iliyokwenda kwa burudani, ambayo huitarajii irudi. Kikiisha, mchezo umekwisha kwa wiki au mwezi huo.

Pili, usicheze kwa fedha yenye mwenyewe. Ada ya mtoto, mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa, mtaji wa genge, na hesabu ambayo dereva wa bodaboda anadaiwa na mwenye pikipiki jioni, zote zimekwisha kupata mwenyewe.

Tatu, usikope ili ucheze. Mkopo una riba, na mchezo una bei; ukiviunganisha unalipa mara mbili.

Nne, usicheze ukiwa umelewa, umekasirika au una huzuni. Panga pia muda, na uweke simu mbali unapofika.

Tano, usijaribu kukomboa fedha iliyoliwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Fedha ya jana imekwenda. Dau la leo ni hasara mpya inayotafuta mahali pa kuingia.

Sita, soma masharti ya bonasi kabla ya kuipokea. Mara nyingi fedha ya bonasi haitolewi mpaka uwe umeiweka dau mara kadhaa, na kwa kufanya hivyo unalipa bei ileile tuliyoieleza.

Saba, cheza kwa mwendeshaji mwenye leseni pekee. Ukidhulumiwa na kampuni isiyo na leseni, hutakuwa na pa kuanzia. Ukiwa na lalamiko dhidi ya kampuni yenye leseni, iandikie kwanza kampuni yenyewe, hifadhi namba ya mkeka, picha za skrini na ujumbe wa malipo, kisha upeleke lalamiko kwenye Bodi endapo hukuridhika na majibu.

Hatimaye, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mzazi asimtume mtoto kupeleka mkeka, wala asimwachie simu yenye akaunti iliyo wazi.

Utajuaje kwamba mchezo umekuwa tatizo?

Wataalamu hutumia maswali mawili mafupi kama kipimo cha mwanzo. Je, umewahi kujisikia kwamba ni lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Aliyejibu ndiyo, hata kwa swali moja, ana sababu ya kulichunguza jambo hili kwa undani.

Dalili nyingine ni hizi: kucheza ili kukomboa hasara, kushindwa kuacha licha ya kuahidi mara nyingi, kukosa usingizi na kuwa na hasira unapokosa nafasi ya kucheza, kuuza au kuweka rehani vitu vya nyumbani, kuchukua mikopo ya simu au ile inayoitwa mtaani mikopo ya kausha damu, na kuwakwepa ndugu na marafiki kwa sababu ya madeni.

Mtu mwenye dalili hizi si mjinga wala si mtu asiye na tabia njema. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kucheza kamari kupita kiasi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Toleo la 11 la orodha hiyo lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Limewekwa katika fungu moja na maradhi ya uraibu. Kwa hiyo maneno kama “acha tu, jikaze” hayatoshi, kama yasivyomtosha mgonjwa mwingine yeyote. Tuongeze pia kwamba baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, mfano pramipexole, huweza kuamsha hamu kali ya kamari. Anayezitumia na kuona mabadiliko hayo asiache dawa mwenyewe, bali amweleze daktari wake mapema.

Hatua za kuchukua leo

Mwambie mtu mmoja ukweli wote. Chagua mtu unayemwamini: mwenzi wako, dada, mjomba, kiongozi wa dini. Taja kiasi kamili cha fedha zilizopotea na cha madeni, kwa sababu nusu ya ukweli huacha mlango wa kurudia. Mficha maradhi kilio humfichua.

Funga akaunti zako. Iandikie kila kampuni unayocheza ukiomba akaunti yako ifungwe kwa sababu ya tatizo la mchezo, isifunguliwe tena, na usitumiwe matangazo. Hifadhi nakala ya ombi lako. Futa programu kwenye simu, na ujiondoe katika makundi ya mikeka.

Iweke fedha mbali na mkono wako. Kwa kipindi fulani, kubali mshahara au mapato ya siku yasimamiwe na mtu unayemwamini, nawe ubaki na nauli na chakula. Huku si kufanywa mtoto. Ni kama mtu aliyevunjika mguu kukubali gongo mpaka mfupa uunge.

Andika madeni yote katika karatasi moja. Anza na yale yanayogusa chakula, makazi na shule. Zungumza na wanaokudai uombe kulipa kidogokidogo, badala ya kukopa kwa mmoja ili umlipe mwingine. Mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ukinyanyaswa au kudhalilishwa kwa sababu ya deni, unaweza kulalamika Benki Kuu ya Tanzania.

Jaza pengo la muda. Saa za kucheza zisipopata kazi nyingine, zitarudi kwenye mchezo. Kama kijiweni kwenu mazungumzo yote ni ya mikeka, tafuta kijiwe kingine kwa miezi ya mwanzo.

Neno kwa familia

Mara nyingi familia ndiyo ya mwisho kujua na ya kwanza kuumia. Mnapogundua, chagueni wakati wa utulivu wa kuzungumza, si usiku wa kuchanika kwa mkeka. Semeni mliyoyaona: ada haikulipwa, televisheni haipo. Matusi na kumtangaza mtu mbele ya ukoo humrudisha mafichoni.

Msiharakishe kumlipia madeni yote kwa mkupuo. Mchezaji aliyefutiwa madeni bila mpango wowote huona amepata nafasi mpya ya kukopesheka. Msaada wa fedha uambatane na makubaliano: akaunti zimefungwa, mapato yanasimamiwa, na mhusika ameanza kumwona mtaalamu. Lindeni akiba ya nyumba, hati za kiwanja na namba za siri. Ikiwa kuna vipigo au vitisho, usalama wenu na wa watoto ndio wa kwanza: nendeni dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Habari ya mtoto aliyetelekezwa au anayeteswa inaweza kutolewa pia kwa kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa watoto.

Mahali pa kupata msaada

Anzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe. Sema wazi kwamba una tatizo la kucheza kamari na unaomba kuonana na mtoa huduma wa afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam ina idara ya afya ya akili, na Hospitali ya Mirembe jijini Dodoma ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Kwenda huko hakumaanishi kwamba utalazwa. Tiba inayotumika zaidi ni mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu, ambayo humsaidia mtu kutambua yanayoichochea hamu, kusahihisha imani potofu kuhusu bahati, na kujifunza namna ya kuipitisha hamu bila kuitii. Hamu hupanda kama wimbi, na kama wimbi hushuka. Mtaalamu atapima pia kama kuna sonona au ulevi, kwani mara nyingi huandamana na tatizo hili.

Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu anaweza kusaidia katika migogoro ya ndoa na matunzo ya watoto, na kuwaelekeza kwenye huduma nyingine. Upo pia umoja wa kimataifa wa watu wanaosaidiana kuacha kamari, Gamblers Anonymous, ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1957. Baadhi ya mikutano yake hufanyika kwa njia ya intaneti na haina kiingilio.

Tunasisitiza jambo moja la dharura. Madeni na aibu humfikisha mtu mahali pa kuona kwamba uhai wake hauna maana tena. Kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, usibaki peke yako: mwambie mtu sasa hivi, na mwende pamoja hospitali ya karibu, usiku au mchana. Kama ni ndugu yako aliyesema hivyo, myachukulie maneno yake kwa uzito, mkae naye na mumpeleke. Deni hupangwa na kulipwa polepole, uhai haukopesheki.

Wengi wanaoacha hurudia mara moja au mbili kabla ya kuacha kabisa. Kurudia hakufuti siku ulizokwisha kushinda. Funga tena akaunti, mwambie tena mtu wako, rudi tena kliniki. Na kwa anayecheza bado bila madhara, swali la kujiuliza kabla ya kila dau ni hili: je, fedha hii ikienda sasa hivi na isirudi, kuna mtu nyumbani atakayeikosa? Kama yupo, hilo si dau. Hiyo ni fedha yake.